Kulipa kwa Mkono Mmoja

Kila mtoto alipolia kule mapokezi, gauni la mahabusu lilizidi kulowa kifuani.

Inspekta aliliona hilo na damu ikamchemka. Hakumkasirikia mahabusu. Alimkasirikia askari wa zamu, aliyemwacha mama mkwe wa watu akae kwenye benchi na kitoto cha miezi minne, karibu kabisa na mlango wa selo, halafu akamwambia kanuni haziruhusu kukiingiza. Kanuni! Mtoto anajua kanuni gani? Analia njaa, mama yake anamsikia, na maziwa hayaulizi kama mwenye kifua anatuhumiwa kuua.

"Mlete huyo mtoto," alisema.

"Afande, mkuu alisema..."

"Mkuu ananyonyesha? Mlete, bwana."

Askari akaondoka ananung'unika. Mtoto alipoletwa alinyamaza kwenye titi papo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu jana jioni mahabusu naye akaacha kulia.

Ndugu zake humwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa kwao. Jana alipanda ngazi kwenda chumba cha kazi cha dada yake, akamkuta chini sakafuni, kichwa kimepasuka, amekufa. Hivyo ndivyo anavyosema yeye. Jalada linasema mengine, na mkuu wa kituo ameshalitia saini. Gari la mahakamani linaondoka saa nane mchana. Likiondoka na Kitinda, shitaka ni mauaji, mauaji hayana dhamana, na huyu mtoto atajifunza kunywea kikombe kabla hajaota jino.

Marehemu alikuwa mkunga. Alipostaafu hakukaa kusubiri kufa. Alifungua huduma mtandaoni. Mzazi kajifungua, maziwa yameziba, mtoto hataki kushika titi, kitovu kinatoa maji, na nyumbani hakuna mtu mzima wa kumuuliza. Anaingia kwenye ukurasa, analipa kidogo, anazungumza na Shangazi kwa video. Shangazi ndilo jina walilomjua nalo wote. Biashara ya chumba kimoja, lakini ilikuwa na sifa yake: kila aliyelipa alijibiwa na Shangazi mwenyewe, maneno yaleyale siku zote: *Nimeipata mwanangu. Nyonyesha, ule, ulale.*

Na maneno hayohayo ndiyo yaliyomfunga mdogo wake. Jana saa kumi jioni mzazi mmoja wa mji mwingine alilipa, akajibiwa vilevile. Kwa hiyo saa kumi Shangazi alikuwa hai. Fundi cherehani anayefanya kazi barazani, chini ya ngazi, mtu asiyebanduka kwenye kiti chake mchana kutwa, ameapa kwamba, ingawa waliopita kabla ya hapo hakuwahesabu, baada ya saa kumi aliyepanda ni Kitinda peke yake. Daktari naye hakusaidia kitu. Kile chumba kiko chini ya mabati, alisema, joto limevuruga mwili, na mama huyu angeweza kufa wakati wowote tangu adhuhuri hadi jioni. Haya, jumlisha. Koplo wa upelelezi alijumlisha, na mkuu akalipenda jibu.

Inspekta hakulipenda, kwa sababu ya mwanasesere.

Shangazi alikutwa amemkumbatia kwa mkono wa kushoto mwanasesere wa mafunzo, yule wa mpira mwenye uzito wa mtoto mchanga, ambaye wakunga hujifunzia. Koplo alikuwa na maelezo yake: bibi alikuwa hewani, anamwelekeza mteja. Lakini mzazi wa saa kumi alipoulizwa alisema hakupiga video yoyote. Alilipia ushauri wa kesho yake, akajibiwa, mtoto akasinzia, naye akaiba usingizi hapohapo. Sasa mwanasesere alikuwa wa nini?

"Dada yako," Inspekta alimuuliza Kitinda, "yule mwanasesere alikuwa anamshika wakati gani?"

"Akifundisha." Kitinda alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na akipima njia za malipo."

"Kupima vipi?"

"We Afande! Alitusumbua na hayo mambo mpaka tukamkimbia." Aliutazama uso wa mtoto, sauti ikashuka. "Zamani wazazi walikuwa wanatuma kwa namba ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Akachoka. Mzazi anamtumia Shangazi, linatokea jina la mwanamume. Wengine walikuwa wanaogopa, wanafikiri wametapeliwa. Akasema nataka njia yangu. Yule fundi wa mitambo aliyemtengenezea ukurasa akamletea njia tatu. Laini yake mwenyewe ya simu, kadi za benki, au dalali."

"Dalali?"

"Kampuni inayokusanya kwa niaba yako. Mteja analipa anavyojua yeye, kwa simu au kwa kadi, wao wanapokea, wanakata chao, wanakuingizia kilichobaki. Dada alikuwa anawaita madalali. Basi akaniita mimi na huyu. Nilale ubavu, ninyonyeshe, halafu nilipe kwa mkono mmoja. Kadi ilinishinda. Tarakimu zile zote, na kadi yenyewe iko kwenye mkoba, mkoba uko mlangoni. Akasema, hii njia aliyeitunga hajawahi kuzaa." Karibu acheke, ikamshinda. "Alikuwa anasema, mkono mmoja haulei mwana, lakini ndio unaolipa."

"Na dalali?"

"Dalali aliona anafaa. Lakini hakukubali kitu bila kukipima mwenyewe, na mwanasesere mkononi. Alisema Fundi akishauwasha ukurasa, atakaa palepale kwenye kiti chake, alipe kidogo, aone kinachotokea. Afande, kaniambia hivyo juzi!"

Mwanasesere mkono wa kushoto. Simu ya marehemu ilikutwa chini ya meza, upande wa kulia, imejifunga kwa namba ya siri ambayo hakuna aliyeijua. Jana ileile ilikuwa imezimwa na kuwekwa kwenye mfuko wa vielelezo. Aliyekufa namna ile hakuwa anafundisha. Alikuwa analipa.

"Mwache huyu mtoto hapa mpaka ashibe," alimwambia askari mlangoni. "Mtu akikuuliza, sema ni mimi."

*

Shemeji mtu hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa amekaa mapokezi, kanyongea, anasubiri kibali cha kuchukua mwili. Koplo alikuwa amemweka yeye wa kwanza kwenye orodha ya washukiwa kabla hajaangukia kwa Kitinda, maana fundi cherehani alimsikia jana asubuhi akifoka juu kule, "Umeniona mwizi?"

"Ulitoka kwake saa ngapi?" Inspekta alimuuliza.

"Asubuhi hiyohiyo. Nilitoka na hasira, nikaendesha kwa hasira, nikakamatwa na wenzako barabarani. Leseni imekwisha. Wakaniweka kituo cha barabara kuu mpaka giza linaingia. Waulize."

Koplo alikuwa ameshawauliza. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyepoteza mshukiwa mzuri. Jamaa alikuwa mikononi mwa serikali muda wote, hata simu yake walikuwa wameishika wao.

"Ulikuwa unamkata?"

"Cha soda tu, Afande."

"Soda za wazazi wote hao? Tumbo lako kubwa."

Shemeji aliinamisha kichwa. "Mimi ni mwizi mdogo," alisema. "Sikatai. Lakini yule alinizikia kaka yangu, akanilipia na karo. Nimnyanyulie mkono yeye?" Akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa: "Tena jana waliponirudishia simu, nikakuta tangu adhuhuri hakuna mzazi aliyetuma hata mmoja. Nikajua shemeji ameshanikatia mrija."

Inspekta alikuwa ameanza kuondoka. Akageuka.

"Hakuna hata mmoja? Hata saa kumi?"

"Hata mmoja. Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Kweli, patupu. Basi yule mzazi wa saa kumi, aliyelipa na kujibiwa, alimlipa nani?

*

Karakana ya Fundi wa mitambo ilikuwa chumba chembamba katikati ya duka la vioo na duka la magodoro. Nyaya zimening'inia, feni inapuliza joto lilelile huku na huku, kompyuta mbili zimewaka. Ukutani alikuwa amebandika kadi za wateja wake: msusi, mwalimu wa hesabu, mpika keki, mtengeneza majokofu. Mwenyewe alikuwa kijana wa umri wa kati, shati limepigwa pasi, adabu tele.

"Karibu mama. Shikamoo. Kaa hapa, hicho kingine kimevunjika mguu."

"Marahaba. Wote hawa ni wako?"

"Nimewafungulia mimi. Watu wadogo wadogo, mama. Benki hawawatazami, kampuni kubwa hawawajibu. Mkono mtupu haulambwi, lakini mimi nawasaidia hivyohivyo, watanilipa wakikua." Alicheka, kisha akakumbuka msiba, akaacha. "Shangazi ndiye niliyempenda kuliko wote. Imeniuma sana."

"Jana ulikuwa kwake."

"Kabla ya adhuhuri. Nilimweleza zile njia tatu kwa mara nyingine. Alikuwa bado hajaamua. Nikamwambia fikiria mama, hakuna haraka, nikashuka zangu."

"Ukurasa mpya wa malipo haujawashwa?"

"Haujawashwa. Ningeuwashaje, na mwenyewe hajachagua?"

"Na yale majibu yake? *Nimeipata mwanangu?*"

"Aa, yale ni vidole vyake, mama. Nilimwambia mashine inaweza kukujibia, hakutaka. Alisema mzazi anajua akijibiwa na mtu." Alitikisa kichwa. "Nasikia ni mdogo wake wa tumbo moja. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli."

Inspekta alimshukuru, akamwacha na feni yake. Nje, Koplo alifungua mlango wa gari.

"Kijana mzuri," alisema Koplo.

"Sana. Na mzazi wa saa kumi alilipia wapi, ikiwa njia mpya haijawashwa na ya zamani haikupokea kitu?"

Koplo alishika usukani, akabaki ameushika.

*

Chumba cha Shangazi kilikuwa kama walivyokiacha. Kitanda cha kupimia kimetandikwa shuka safi. Picha za watoto wa wateja zimejaa ukuta mmoja mpaka zimepandiana. Mezani kompyuta, na pembeni ile mizani ya zamani ya kupimia watoto, ya sinia, aliyoaga nayo kazini. Jiwe lake kubwa la chuma halikuwepo. Daktari alikuwa nalo. Walilikuta kwenye beseni la kunawia, limeoshwa vizuri, na ukingo wake uliingia kwenye mfupa wa marehemu barabara.

Inspekta alikaa kwenye kiti cha Shangazi. Alimchukua mwanasesere kwenye mfuko wa vielelezo kwa glavu, akamlaza mkono wa kushoto. Mzito kweli. Kichwa kikalegea nyuma, naye akajikuta anakirekebisha bila kupenda.

"Afande, tunafanya nini?" aliuliza Koplo.

"Tunajifungua. Nyamaza."

Alitoa simu yake mwenyewe, akaufungua ukurasa wa Shangazi kwa kidole gumba. Picha ya mkunga ikatabasamu. *Omba ushauri.* Akabonyeza. *Weka namba yako.* Akaweka, na kidole kilifika kila mahali bila taabu. Shangazi alikuwa amechagua vizuri. Kisha kioo kikageuka rangi na kuuliza kama ana uhakika, na juu ya swali hilo, kwa herufi ndogo, kikamtajia jina la atakayepokea.

Lilikuwa jina la mwanamume, majina yote matatu. Koplo alichungulia begani, akalisoma kwa sauti, akatoa macho. Walikuwa wamelisoma jina hilohilo asubuhi kwenye maelezo aliyotia saini Fundi wa mitambo.

Inspekta alibonyeza *Ndiyo*.

Mabati yakalia juu kwa joto. Halafu simu ikatetemeka kiganjani, ujumbe ukaingia kutoka laini ya huduma, pamoja na ile picha ndogo ya mkunga anayetabasamu:

*Nimeipata mwanangu. Nyonyesha, ule, ulale.*

Koplo aliruka nyuma, akagonga kitanda. "Mama yangu wee!"

Inspekta aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Simu ya Shangazi ilikuwa kabatini kituoni, imezimwa. Mwenyewe alikuwa kwenye droo ya hospitali, na kidole chake cha mguu kimefungwa kibandiko cha namba. Na bado alikuwa amemjibu, kwa upole uleule, kama anavyowajibu wote. Alisubiri moyo utulie. Ulipotulia, hasira ikachukua nafasi yake.

"Ni mashine," alisema. "Mtu ameichukua sentensi yake akaipa mashine. Wazazi wote wanaolipa wanajibiwa na mashine. Yule wa saa kumi alijibiwa na mashine. Shangazi hakuwa hai saa kumi, Koplo. Hatuna ushahidi wowote kwamba alikuwa hai saa kumi."

"Basi Kitinda..."

"Kitinda alimkuta maiti, kama alivyosema tangu mwanzo, nasi tukamwita mwongo. Wapigie hao madalali. Waambie ni polisi, na usikubali kuwekewa muziki."

Koplo alipiga. Aliwekewa muziki, akafoka, akaunganishwa. Alisikiliza huku anaitikia kwa kichwa, na kila alipoitikia uso wake ulizidi kuwa mzito.

"Ukurasa uliwashwa jana baada tu ya adhuhuri," alisema alipokata. "Kwa kompyuta hiyo hapo mezani. Ili uwake, wanatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye huduma, na ilitumwa kwa marehemu, na ikaingizwa. Lakini kwenye akaunti inayopokea hela jina lake halipo. Akaunti ni ya Fundi. Na malipo ya yule msusi, na ya mwalimu wa hesabu, yote yanaingia mfuko huohuo."

"Malipo ya kwanza?"

"Kiasi cha chini kabisa. Yametoka kwenye simu ya Shangazi mwenyewe."

Kwa hiyo mashine ilimjibu hata yeye. Kitu cha mwisho kuingia kwenye simu ya mkunga yule kilikuwa sentensi yake mwenyewe, inamwambia ale, alale. Inspekta alitazama saa. Gari la mahakamani lingewashwa moto muda si mrefu.

"Mwite Fundi," alisema. "Mwambie tumeshindwa kufungua simu, tunaomba msaada wake. Atakuja mbio."

*

Alikuja mbio. Alipanda ngazi na kimkoba chake cha vifaa, akasalimia, akafika mlangoni, akasita. Inspekta alikuwa kwenye kiti cha Shangazi. Alimwonyesha kile cha mgeni.

"Kaa, mwanangu. Kabla ya simu, kuna kitu hatukielewi. Shika huyu."

"Wa nini, mama?"

"Shika. Mkono wa kushoto, kama unanyonyesha."

Fundi alimpokea mwanasesere kwa ncha za vidole. Koplo alimsogezea kichwa kwenye kiwiko, vizuri kabisa, kama muuguzi.

"Sasa lipa." Inspekta alimwekea simu mkono wa kulia, ukurasa umeshafunguka.

"Siwezi kulipa hivi, mama." Alijaribu kucheka. "Nilimwambia hata yeye. Hakuna mtu duniani anayepima ukurasa namna hii."

"Ulimwambia lini?"

"Eh?"

"Ukurasa haukuwashwa, ulisema. Alikuwa bado hajaamua. Alipima nini hata ukamwambia hivyo?"

"Siku za nyuma. Alikuwa anajaribu jaribu tu."

"Kampuni inasema ukurasa uliwaka jana, hapa, baada ya adhuhuri. Namba ya uthibitisho ilikuja kwenye simu yake, akakusomea. Nani mwingine alikuwa humu?"

Jasho lilikuwa limemtoka Fundi juu ya mdomo. Mkono wa kushoto ulibaki vilevile, hakujua aupeleke wapi.

"Bonyeza," alisema Inspekta. "Soma jina."

"Lilikuwa la muda tu!" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka. "Kampuni inataka leseni ya biashara, yeye hana leseni. Wote hawana. Kila mmoja angesubiri mpaka achoke. Nikaandika langu. Ningembadilishia, Mungu shahidi."

"Yeye alisemaje?"

"Hakutaka kusikia! Alisema nimemtoa shemeji mlangoni, wewe umeingia dirishani. Nikamweleza. Nikamweleza kwa upole, mama. Akaniuliza, na msusi je? Na mwalimu je? Akasema atawapigia wote, mmoja mmoja, leo hiihii. Miaka yangu yote, mama. Na alikuwa hapigi hata kelele. Ananitazama hivi, kakasirika, lakini mkono bado unambembeleza huyu mdudu. Bado anambembeleza tu. Mimi naongea, yeye anambembeleza..."

Alikuwa ameligeukia lile sinia la mizani, pale palipokosa jiwe. Kwenye mkono wa Fundi mwanasesere alikuwa anapanda na kushuka, polepole, na mwenyewe hakuwa na habari.

"Ulijua majibu yataendelea kutoka," alisema Inspekta.

"Sikujua watamkamata mdogo wake."

"Leo asubuhi ulikuwa unajua. Nilikaa kwenye kiti chako, ukaniambia yale ni vidole vyake."

Koplo alimpokea mwanasesere taratibu, akaichukua simu mkononi mwake, akamfunga pingu. Chini, fundi cherehani aliacha kushona walipopita, akavua miwani.

*

Kitinda alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kwanza ya gari la mahakamani Inspekta alipoingia uani na king'ora. Dereva alikuwa na haraka zake, akataka karatasi. Inspekta alimwambia karatasi atamletea nyumbani kwake na mkewe atamsomea. Akamshika Kitinda mkono, akamrudisha ndani, na mkuu wa kituo akajifungia ofisini na simu sikioni, mambo mengi ghafla.

Mama mkwe alimkabidhi mtoto, akakaa, akajifunika uso kwa kanga. Inspekta alikaa upande wa pili wa benchi, akaeleza yote, kwa kuwa mwenye msiba ana haki ya kuelezwa. Alieleza dalali, jina la mpokeaji, jiwe la mizani. Hakumweleza habari za kubembeleza. Alipofika kwenye mashine, Kitinda alinyanyua kichwa.

"Kwa hiyo jana saa kumi hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye. Pole sana."

"Na mpaka sasa bado inajibu?"

"Mpaka kesho. Nimewaomba wasizime, ni ushahidi. Kesho mahakama itatoa amri, akaunti itafungwa, na majibu yatazimwa."

Kitinda aliomba simu yake. Askari wa zamu, yule wa kanuni, aliileta mwenyewe, ndani ya bahasha, pamoja na mkufu na kamba za viatu. Mtoto alikuwa amelala mkono wa kushoto. Kwa kidole gumba cha kulia Kitinda aliufungua ukurasa wa dada yake.

"Unajua ni mashine tu," Inspekta alisema.

"Najua. Niache."

Alibonyeza, akaweka namba. Kioo kikageuka rangi, na lile jina likatokea juu ya swali, majina yote matatu, herufi ndogo. Kitinda hakulisoma. Mzazi gani husoma jina? Machozi yalikuwa yamemjaa, na kidole kilikuwa kinatafuta *Ndiyo*. Inspekta alilisoma. Alifungua mdomo. Akaufunga, akatazama ukutani, na kichozi alichokuwa amekizuia tangu kule chumbani kikamshinda.

Simu ikatetemeka. Kitinda alisoma polepole, midomo inacheza, kama mtu anayesomewa.

*Nimeipata mwanangu. Nyonyesha, ule, ulale.*

"Haya, dada," alisema.

Mtoto alikuwa ameanza kujinyonganyonga. Kitinda aliweka simu chini kwenye benchi na kufungua kifungo.